Sinia Moja Siku ya Wapinzani

Jumapili, tarehe kumi na tisa Oktoba. Mawingu mazito tangu alfajiri, upepo unatoka upande wa ziwa, majani makavu yamejikusanya kwenye kona ya roshani. Mvua imetishia mara mbili, haikunyesha.

Jana tulimzika Bwana Kayetano huko Mississauga. Baada ya makaburini tukapewa chai katika ukumbi wa kanisa, na binti yake, mtu mzima wa rika langu, akanijia na kikombe mkononi akaniuliza kama mimi ndiye mtoto wa yule mama wa sambusa. Nikasema ndiye. Akacheka huku macho yamemvimba. "Baba alikuwa akisimulia habari zake mpaka uzeeni," akasema. "Alisema mama yako alikuwa akibashiri watu kama nabii. Akisema leo watakuja wengi, wanakuja. Akisema hakuna mtu, kweli hakuna mtu. Ila siku moja tu, siku kubwa kuliko zote, akaleta sinia moja. Baba amekufa hajaelewa kwa nini."

Nikamjibu, "Hata mimi sijui."

Nimesema uongo msibani, tena kwa mtu aliyefiwa, na leo siku nzima hakuna kazi ninayoishika ikakaa mkononi. Kwa hiyo naandika. Mimi si mwandishi, shule yangu iliishia njiani, na daftari hili kwa kawaida ni la dawa za Mama na miadi ya daktari. Nitaandika ninavyokumbuka, na pale nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Dada yangu Zuhura akisoma huenda akasema haikuwa hivyo. Huenda yeye ndiye mwenye haki.

Tulikuwa tukikaa ghorofa ya tisa, hapa Kanada, kwenye njia panda ya barabara za Jane na Finch, Mama na Zuhura na mimi. Baba alikuwa Kigoma akisubiri karatasi za kutufuata. Mimi nilikuwa na miaka tisa, Zuhura kumi na minne. Tulitoka Buyenzi, Bujumbura, na katika sisi watatu mimi ndiye niliyekishika Kiingereza haraka, si kwa akili, ni kwa sababu nilikuwa mdogo na sikuona haya kukosea. Zuhura alikuja na Kifaransa chake cha shule na hakutaka kuonekana mjinga mbele ya mtu. Basi barua zote za nyumba zilikuwa zinaletwa kwangu: za serikali, za mwenye nyumba, za kliniki. Mama ananipa bahasha hata kabla sijavua koti. "Nisomee, macho yangu," ananiambia. Ninyi mliokuja nchi hii mkiwa wadogo mnaijua kazi hiyo. Unasoma neno "final" huku mzazi wako amekutazama mdomoni, na wewe hujui kama ni habari njema au mbaya, lakini lazima useme kitu.

Karibu na kwetu kulikuwa na chuo kikuu, na chuo kilikuwa na uwanja, na katika uwanja huo kila vuli walicheza ule mpira wao wa kubeba mkononi, wenye umbo la papai, wachezaji wamevaa kofia ngumu na mabega ya bandia. Chakula cha uwanjani kilikuwa chini ya Bwana Kayetano. Alikuwa Mgoa, mzaliwa wa Nairobi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha dukani, hakina ngeli, lakini alikisema kwa mapenzi. Alimkuta Mama kwenye harusi moja akiwa jikoni, akala sambusa sita amesimama, akamwambia, "Mama, wewe kuja uwanja yangu Jumamosi. Hii wazungu nakula soseji tu, roho yao nakauka."

Hivyo ndivyo Mama alivyopata kibanda karibu na lango la kaskazini. Na kibanda hicho, naomba kieleweke vizuri, hakikuwa mchezo. Kiwanda cha kuku kilikuwa kimeshampa Mama nafasi ya zamu ya jioni, kutoka saa tisa mchana mpaka sisi tuko usingizini, siku sita kwa wiki. Alikuwa akiisogeza mbele kila wiki. "Sikuwatoa watoto kule nije niwakabidhi kwa televisheni," alikuwa akimwambia shangazi kwenye simu. Bwana Kayetano naye alikuwa ameahidi: akimwona Mama anaweza siku ya watu wengi, atampa kibanda cha mwaka mzima, pamoja na ukumbi wa michezo ya ndani wakati wa baridi, na jiko la chuo la kupikia mchana sisi tukiwa shule. Kila jioni Mama angekuwa nyumbani. Mimi nilitaka hivyo kuliko kitu chochote. Nalisema hili ili ionekane kwamba sikufanya kwa kutojali.

Sasa, siku ya watu wengi ni ipi? Hapo ndipo Mama alipopata elimu yake, na mwalimu wake alikuwa Otieno, kijana wa Kisumu aliyepanga mlango wa pili kutoka kwetu na kusoma chuoni hapo. Alikuwa anapiga ngoma katika bendi ya mashabiki. Jumamosi ya kwanza Mama alipeleka masinia manne, maana alidhani uwanja wa chuo kikuu utajaa, na watu hawakufika hata wa kujaza mabenchi ya upande mmoja. Tulikula sambusa mpaka Jumatano. Otieno alikuja kutusaidia kuzila.

"Mathe, makosa yako ni kuangalia timu yetu," alisema, mdomo umejaa. "Timu yetu hakuna mtu anakuja kuiangalia. Inafungwa tu. Watu wanakuja kuangalia nani amekuja."

"Si wote ni wachezaji tu?"

"Zii! Wale wa leo wamesafiri na basi siku mzima kutoka huko juu kwa baridi. Nani anawajua? Nani ana ubaya na wao? Mtu atatoka kwa kitanda na huu upepo ndio aone mgeni asiyemfanyia kitu?" Akameza. "Lakini ngoja wale wa tao."

"Ndiyo akina nani hao?"

"Chuo ya mjini katikati. Hao wanajiona. Wanasema sisi ni chuo ya shambani. Hao wakija, mathe, hata profesa wa hesabu anakuja na buti. Si unajua vile ndugu wawili wakigombania shamba la baba yao, hata asiye na shamba anatoka kuangalia?"

Mama akafikiri. "Kwa hiyo chuki ndiyo inayowatoa watu majumbani."

"Sasa ukisema hivyo ni kama ni mbaya," Otieno akacheka. "Ni mchezo tu."

Lakini Mama alishapata kipimo chake, na tangu siku hiyo kila Alhamisi Otieno akipita anaulizwa mlangoni, "Hawa wa Jumamosi wanachukiwa?" Akisema hata hawajulikani, Mama anakanda unga wa sinia moja. Akisema tunawachukia kidogo, walitufunga vibaya mwaka juzi, ni masinia mawili. Mara moja ilikuja timu ya mji wa jirani ambao wana wimbo wa kutukana, Otieno akasema chuki ya kawaida, na Mama akapeleka matatu, akarudi na vipande saba. Bwana Kayetano alishangaa. Watu wake wengine wa soseji walikuwa wakitupa mikate kila wiki. "Wewe mama nasoma nyota?" alimuuliza. Mama hakumwambia siri. Aliona aibu kusema kwamba anapima chuki kwa sinia.

Kwake ulikuwa utani. Kwangu haukuwa. Jioni moja baada ya magharibi nilimsikia juu ya mkeka, mikono ameinua, anasema kwa sauti ya chini, "Ewe Mola, tuletee wanaochukiwa, tena upesi." Nadhani alitabasamu. Nilikuwa nyuma yake, uso wake sikuuona.

Inabidi niseme ya Buyenzi kidogo, ingawa sipendi, na mengine yake sina hakika niliyaona au nilisimuliwa. Kule vijana walikuwa wakipita mchakamchaka na filimbi, majani wamefunga kichwani, nyuso wamejipaka, wanaimba kwa furaha kabisa, kama wanaokwenda harusini. Mama akisikia filimbi anaingiza sufuria ndani na moto wake. Anatusukuma chini ya kitanda na kutuambia tuhesabu kimoyomoyo. Wapinzani walipokuja, watu waliondoka, na aliyebaki alibaki kwa sababu hakuweza kuondoka. Hiyo ndiyo hesabu niliyokuja nayo Kanada. Kwamba kuna mahali wapinzani wakija ndipo watu wanamiminika kwa miguu yao, wamebeba watoto mabegani, hilo halikuingia kichwani mwangu kwa njia yoyote ila moja: wanakwenda kupigana.

Miaka mingi baadaye mume wangu, Mtanzania, aliniambia kwao timu mbili za namna hiyo wanaziita watani wa jadi, na kwamba mtani wako hata msibani anakuja kukuchokoza. Neno hilo liliniuma. Kwa sababu tungekuwa na babu wa kunieleza hivyo nyumbani, huenda nisingefanya nilichofanya. Lakini pia huenda ningefanya tu. Mtoto mwoga haelezwi.

Ilikuwa Jumatano. Nilitoka shule, nikaingia kwenye lifti, mlango kabla haujafungwa wakaingia Otieno na wenzake wawili wamebeba boksi refu la kadibodi. Lilikuwa limepakwa rangi ya zambarau, ambayo ndiyo rangi ya wale wa tao, na juu lina msalaba. Ilibidi walisimamishe wima ili liingie. Likanielemea. Lilinukia rangi mbichi.

"Hii ni nini?" nikauliza.

"Jeneza," Otieno akasema. "Jumamosi tunawazika wa tao." Wenzake wakacheka. Akaniinamia, akaniambia kwa upole, na nasema kwa upole kwa sababu hakuwa na ubaya hata chembe, "Ambia mathe hii wiki sitapitia, tuna mazoezi ya ngoma kila jioni. Mwambie apike kama ya harusi. Mwambie wale wenyewe wanakuja."

Nikasema sawa. Lifti ikafika ghorofa ya tisa, nikashuka, na sikumwambia Mama. Ile Jumatano bado sikuwa nimeamua kusema uongo. Nilikuwa sijasema kitu tu. Haya ni mambo mawili tofauti, au nilijiambia hivyo.

Alhamisi Mama alikuwa ameshalowesha choroko za kesho na anakatakata vitunguu. Ratiba ya michezo ilikuwa imebandikwa kwenye friji kwa sumaku. Akaniita.

"Hebu nisomee, macho yangu. Otieno haonekani. Jumamosi ni akina nani?"

Nikaenda mbele ya friji. Jina la chuo cha mjini lilikuwepo, mstari wa nne kutoka chini, halikuwa na matatizo yoyote ya kusomeka. Nililisoma kidole changu kikiwa juu yake.

"Ni wale wa mbali," nikasema.

"Wa mbali wapi?"

"Wale wa basi."

"Si walikuja mwezi uliopita?"

"Wanarudi."

Mama akaacha kisu. "Na wa tao?"

"Wiki ya kesho kutwa. Ile ya... ile nyingine."

"Mbona unasema kama umemeza pamba?" Zuhura akauliza kutoka kwenye kochi.

"Mafua," nikasema.

Mama akashusha pumzi, na kwa kweli alionekana kama aliyepunguziwa mzigo. "Afadhali. Mgongo wenyewe hauna hali. Wale hawana anayewachukia, masikini."

"Basi usiende," nikasema haraka. "Mama, kama hakuna watu usiende. Kaa nyumbani."

Hiyo ndiyo ilikuwa mipango yangu yote. Kwamba akisikia ni watu wa basi atapumzika, jeneza litapita, watapigana wanaopigana, na Jumapili tutakuwa bado na mama.

"Ahadi ni ahadi," akasema. "Sinia moja nitapeleka. Njoo unipangie manda za kufungia sambusa."

Nikapanga manda. Nilipanga vibaya, zikashikana, akazibandua moja moja bila kunigombeza. Ijumaa sikumbuki chochote.

Jumamosi Mama aliondoka saa nne na kigari chake cha magurudumu mawili, sinia limefunikwa kwa foili na taulo juu. Nilimtazama kutoka dirishani mpaka akavuka barabara. Zuhura alikuwa amekwenda chini kufua. Baada ya saa moja hivi, nadhani, nikasikia filimbi.

Sina uhakika wa mengi lakini filimbi ile nina uhakika nayo. Halafu ngoma. Nikaangalia chini kwenye maegesho ya magari: vijana kama arobaini, pengine walikuwa ishirini, nyuso wamejipaka manjano, rangi ya chuo cha kwetu, wengine vifua wazi kwenye baridi ile, wanaruka, wanaimba, na katikati yao jeneza liko juu ya mabega. Otieno yuko mbele na ngoma tumboni. Uso wake ulikuwa manjano mpaka kwenye kope, nikamtambua kwa viatu. Wakaanza kutembea kuelekea alikokwenda Mama.

Nilishuka kwa ngazi, ghorofa tisa, na viatu vya ndani. Nikawafuata kwa nyuma, kwa sababu ndio waliokuwa wanajua njia ya mkato. Watu wakubwa wakinihadithia kwamba wana ujasiri naikumbuka miguu yangu siku ile: nilikuwa nalia, najificha nyuma ya nguzo moja mpaka nyingine, na bado nawafuata. Na kila tulikopita watu wakazidi. Walikuwa wanatoka kwenye mabasi, kwenye magari, wazee wamefunga skafu za manjano, mama amembeba mtoto mchanga na mtoto amepakwa rangi mashavuni. Nikajisemea, hawa wote hawajaambiwa kwamba kutapiganwa. Halafu nikaona kundi la zambarau linakuja kutoka upande wa pili, nalo lina filimbi zake.

Uwanjani kulikuwa hakuna pa kuweka mguu. Lango la kaskazini lilikuwa na foleni iliyojikunja mara mbili, na mwisho wa foleni ile, kwenye kibanda, alikuwa Mama. Sinia lilikuwa mbele yake, tupu, na vipande vya ganda vimebaki kwenye mafuta. Alikuwa anawaambia watu neno moja la Kiingereza alilolijua kwa shughuli hiyo, "finish, finish," huku anainamisha kichwa kuomba radhi. Wakageuka wanakwenda kwenye soseji. Kijana mmoja wa zambarau na mwingine wa manjano walikuwa wameipata sambusa ya mwisho wakaipasua katikati. Wakawa wanatukanana huku wanatafuna. Nililiona hilo na halikunieleza kitu. Nilikuja kulielewa nina watoto.

Bwana Kayetano alifika mbio, tai imepeperukia begani.

"Mama! Sambusa wapi?"

"Zimekwisha, Bwana Kayetano."

"Mechi bado naanza! Bado hata wimbo ya taifa!" Akashika kichwa. "Wiki ile hakuna mtu, wewe naleta sawasawa. Ile wiki ingine, sawasawa. Leo, leo mama, leo jeshi iko hapa, wewe naleta sinia moja? Nani hajui leo nani nakuja? Mpaka padri yangu najua!"

Niliposikia jeshi nikapita chini ya meza nikamshika Mama kiunoni kwa mikono miwili. "Twende," nikamwambia. "Twende Mama, twende kabla hawajaanza."

Mama akaniangalia. Akaangalia viatu vyangu vya ndani vilivyolowa. Akainua macho, akatazama ng'ambo ya uzio ambako jeneza lilikuwa linazungushwa na watu wanapiga makofi, halafu akanirudia mimi. Sijui mtu anaweza kuona kiasi gani kwenye uso wa mtoto. Naamini aliona yote.

"Nimekosea hesabu mimi," akamwambia Bwana Kayetano. "Mimi mwenyewe. Samahani sana."

Mimi nikauficha uso kwenye koti lake. Hapo ndipo pangekuwa pa kusema. Nilikuwa na Kiingereza, nilikuwa na Kiswahili, na nilikuwa na mtu mbele yangu anayeelewa vyote viwili.

Bwana Kayetano hakuwa mkatili, na sitaki mtu adhani nilikwenda kumzika mkatili. Alisimama pale, akafuta jasho kwenye baridi, akamwuliza Mama taratibu kama kuna mgonjwa nyumbani. Mama akasema hakuna. Angesema ndiyo angesamehewa, nina hakika. "Basi mwaka kesho natafuta mtu ingine, mama," akasema. "Mimi pia iko na watu juu yangu, na leo wote iko hapa naangalia. Pole. Pole kabisa." Kibanda alimpa mama mmoja wa Scarborough, mpole, mwenye watoto watatu, ambaye mikate yake ya nyama nimeila na ni mizuri. Tena chuo kile kilikuwa na siku kama ile moja tu kwa mwaka, na mwaka mwingine inachezwa mjini. Nani analea watoto kwa adui wa mara moja kwa mwaka? Pengine kibanda kingekufa hata bila mimi. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Ila kulikuwa na ule ukumbi wa ndani, na lile jiko la mchana.

Tulirudi kwa miguu, kigari kikiwa chepesi kinarukaruka nyuma yetu. Kelele za uwanja zilipanda ghafla, nikajibana kwake.

"Wamefunga goli," Mama akasema. "Basi."

Tukatembea tena.

"Ile karatasi," akasema, "ilisema wa mbali, au wewe ndiye uliyesema?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Wana jeneza."

Akasimama. Nilingoja kofi, na nadhani ningelipokea kwa furaha. Akavua skafu yake akachuchumaa akaizungushia kiatu changu cha mguu mmoja, kisha akakosa ya mguu wa pili, akavua glavu yake ya sufu akanivalisha mguuni.

"Ungeniambia unaogopa," akasema akiwa bado chini, "ningekaa."

Ameisema mara moja tu, wala hatujaizungumza tena mpaka leo, na yuko chumba cha pili hapa anasikiliza redio. Nimeigeuza sentensi ile kila upande. Siku nyingine naamini angekaa kweli, na kwa hiyo nilimnyang'anya bure kitu ambacho angenipa nikimwomba. Siku nyingine naona asingekaa, asingeweza, alikuwa ameisubiri siku ile tangu majani yakiwa mabichi, na alisema vile ili mtoto aweze kutembea mpaka nyumbani. Sijui ni ipi inayonitisha zaidi. Kwa haki yake naandika zote mbili.

Tulipofika, Zuhura alikuwa mlangoni anafoka, alidhani nimeibiwa. Mama alimwambia, "Mwache." Akaenda kwenye simu na koti lake mwilini, akampigia yule mama wa Kikongo aliyekuwa msimamizi wa zamu kiwandani, akasema ndiyo, Jumatatu, ndiyo, buti anazo. Alicheka mahali fulani katika mazungumzo, kwa adabu. Kisha akamwita Zuhura jikoni.

Akamwonyesha jiko linavyozimwa, akaligusa mara mbili. Akamwonyesha mpini wa sufuria uelekee ukutani. Akasema usimfungulie mtu hata akisema ni polisi, akasema huyu mdogo asipokula, kwanza mwulize kwa upole. Zuhura alikuwa anaitikia, "Ndiyo Mama, ndiyo Mama," na sauti yake ilikuwa inazidi kuwa ndogo.

Jioni ile tulikula ndizi za kupika na maharage, na kitunguu kibichi pembeni. Mama alikaa kwenye kiti changu, upande wa wanaopakuliwa, akaweka mikono mapajani. "Leo pakua wewe," akamwambia Zuhura, "nikuone." Zuhura akapakua. Alimwaga kidogo mezani, Mama akatazama pale palipomwagika na hakunyoosha mkono kupafuta.